Mkaa ulifika mkavu: kisa cha siku moja Nyiragongo

Jumamosi moja ya Machi 2019 tulianza kupanda Nyiragongo, mlima wa volkano ulio juu ya mji wa Goma, mashariki ya Kongo, tukiwa watu kumi na mmoja. Kesho yake tukashuka kumi na mmoja, tukapigwa picha pale Kibati, chini njia ya kupandia inapoanzia, wote tunacheka. Hakuna aliyeuliza lolote, maana safari iliyorudi kamili haina mtu wa kuihoji. Mimi nilikuwa mpishi na mkubwa wa wabebaji siku ile, na mimi ndiye niliyesema "twende" mara mbili. Mara ya pili nilikuwa najua kabisa kwamba nakosea. Nitakieleza kisa hiki mwenyewe, kabla hakijageuka hadithi ya ushujaa mdomoni mwa wengine.

Wageni walikuwa wanne: mwalimu wa sekondari wa hapa Goma, mkewe, mdogo wa mkewe, na kaka yao aliyekuja likizo kutoka Lubumbashi, ambaye sote tuliishia kumwita Shemeji kwa kumfuata mwalimu. Walinzi wa hifadhi wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Wabebaji wanne. Wa mwisho kati yao alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa hivi, tukimwita Kadogo. Yeye alibeba gunia la makala, ndivyo sisi tunavyoita mkaa, na babula, jiko la mkaa, ya kupikia huko juu.

Usiku wa Ijumaa, saa tatu, nilitoka nje kuangalia mlima. Enzi zile ziwa la moto lilikuwa bado linachemka ndani ya kreta, lile shimo la kileleni, na mtu wa Goma alikuwa na kipimo ambacho miji mingine haina. Mawingu yakiwa membamba juu ya kreta, moto unayapaka wekundu na mji mzima unaona. Kilele kikivikwa ukungu mzito, wekundu unazimika, ingawa moto uko palepale. Usiku ule wekundu ulikuwa wazi, umekaa juu ya mlima kama taa ya chumba cha jirani. Alfajiri, saa kumi na mbili, kilele kilikuwa uchi kabisa. Moshi wake ulikuwa umelala kuelekea magharibi, upande wa Masisi, na hapo ndipo unapolala siku nyingi kwa sababu upepo wa kawaida huku unatoka mashariki. Niliridhika. Nikampigia mwalimu nikamwambia leo kunapandika.

Kitu kimoja nilikiona nikakipita. Karisimbi, mlima jirani wa mita 4,507, ulikuwa umeamka mweupe kichwani. Wanyarwanda husema jina lake limetokana na isimbi, lile gamba jeupe la kauri, na asubuhi kama ile huhitaji kuelezwa kwa nini. Weupe ule ni mvua ya mawe iliyoanguka usiku ikabaki. Maana yake hewa ya juu ilikuwa na maji na baridi ya kutosha kutengeneza mawe saa chache tu zilizopita, na jua likiwaka tena vizuri itatengeneza mengine. Nyiragongo mtupu na Karisimbi mweupe ni habari mbili, na mimi nilisoma moja.

Dalili ya mvua ni mawingu, wahenga walisema, lakini wahenga wale hawakukaa Goma. Hapa mawingu yapo kila siku ya Mungu. Kinachosemesha ni saa yanapofika na upande yanakotokea.

Saa ndiyo iliyotuponza. Mpango ulikuwa kuanza kutembea Kibati saa nne asubuhi. Gari tuliyokodi ilifika ikiwa imechelewa, ikasimama njiani kutafuta mafuta, halafu Shemeji akagundua kwamba kiatu kimoja kimeachia soli, tukasimama tena kwa fundi pale barabarani kwenda Rutshuru. Tulianza kutembea saa sita kasorobo. Karibu saa mbili zimepotea, na hakuna aliyekasirika sana kwa sababu jua lilikuwa linawaka na mlima ulikuwa bado unaonekana.

Ukitaka kujua kwa nini saa mbili zile ni kubwa, anza chini kabisa, ziwani. Ziwa Kivu lina eneo la kilomita za mraba kama 2,700, na mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji. Hewa yenye unyevu inatoka ziwani kuja ufukweni, inapita juu ya mji, inaanza kupanda miteremko. Miteremko yenyewe ni mawe meusi ya lava yanayopikwa na jua tangu asubuhi, kwa hiyo inaisukuma hewa juu zaidi. Kadiri inavyopanda inapoa, unyevu unageuka wingu. Saa sita mchana ni pamba ndogo ndogo kando ya mlima. Saa nane zimeshikana. Saa tisa au saa kumi wingu limesimama wima, jeusi tumboni, na radi inaanza. Usiku mambo yanageuka: hewa baridi inashuka kutoka milimani kwenda ziwani, na dhoruba inahamia majini. Wavuvi wa sambaza wanaijua hiyo ya usiku kuliko mtu yeyote. Wapanda mlima wanaijua ya mchana. Kumbuka pia kwamba mashariki ya Kongo ni kati ya sehemu zinazopigwa na radi nyingi kuliko karibu sehemu zote za dunia.

Sasa weka safari juu ya ratiba hiyo. Kibati iko kama mita 2,000, ukingo wa kreta uko mita 3,470, na kikundi cha mwendo wa kawaida kinatumia saa tano hivi. Sehemu ya kwanza ni msitu. Ukitoka msituni unaingia kwenye kokoto za lava ya 2002, zinazoteleza chini ya mguu kama mahindi yaliyomwagika, mpaka kwenye bega la Shaheru, ile kreta ya zamani iliyo ubavuni, mita kama 2,800. Kuanzia hapo miti inaisha taratibu, na kipande cha mwisho ni jiwe tupu na mwinuko mkali, wewe ndiye kitu kirefu kuliko vyote vilivyo karibu. Ukianza saa nne, kipande hicho kinakukuta kati ya saa saba na saa tisa. Unaweza kufika kwenye vibanda vya juu wingu likiwa bado linajipanga. Ukianza saa sita kasorobo, kinakukuta kati ya saa tisa na saa kumi na moja. Anga ni ileile niliyoisoma alfajiri, lakini sikuisoma kwa ajili ya saa kumi jioni. Pale Kibati nilipaswa kuanza upya, kama mtu ambaye hajauona mlima siku hiyo. Badala yake nikatembea na jibu la asubuhi mfukoni. Hilo ni kosa la kwanza, na kwangu mimi ndilo kubwa, ingawa halina tukio lolote la kusimulia.

Kwenye pumziko la pili nilinyanyua macho kutafuta moshi. Haukuwa umelala tena Masisi. Ulikuwa unapanda wima kidogo, halafu unachanganyika na wingu, huwezi kujua upi ni upi. Upepo ulikuwa unageuka. Kadogo alikaa karibu yangu, akatua gunia, akafuta uso, akaniita yaya, ndivyo huku mdogo anavyomwita mkubwa wake.

"Yaya, Karisimbi ililala nyeupe."

"Niliiona."

Akanyamaza. Mbebaji akikwambia jambo kama hilo hasimulii mandhari. Alikuwa anauliza, kwa adabu ya mdogo kwa mkubwa, na mimi nikamjibu kama mtu aliyeulizwa kama ana macho.

Tulifika Shaheru saa tisa kasorobo. Hapo ndipo radi ya kwanza ilipopiga, upande wa kaskazini. Mwalimu alikuwa ameona mwanga, akaanza kuhesabu kwa sauti kama yuko darasani: kumi na nane. Sauti inatumia sekunde tatu hivi kwa kilomita, kwa hiyo ni kilomita sita. Dakika kama kumi baadaye akahesabu kumi na mbili. Kilomita nne, na inakuja. Kwa kweli ile ya kwanza ilitosha. Ukisikia radi ndani ya sekunde thelathini baada ya mwanga, tayari uko katika eneo ambalo pigo lijalo linaweza kuanguka. Habari ya pili ilikuwa mwelekeo wake.

Mlinzi wa mbele alisimama akaniangalia. Aliniuliza kama kikundi changu kiko tayari kushuka, kwa sababu kutoka pale mpaka msituni ni nusu saa ya kuteremka, na kutoka pale mpaka vibandani ni saa mbili na zaidi kwa mwendo wetu. Nikasema tuendelee polepole. Akaniuliza tena, neno kwa neno. Nikajibu tena. Hapo ndipo penye kisa chenyewe, nami nataka kukaa hapo kidogo.

Shemeji alikuwa na hoja yake. Kwao Lubumbashi mwaka umegawanyika kama mkate: mvua inaanza karibu Novemba, inaisha karibu Aprili, halafu miezi mizima hakidondoki kitu. Mtu aliyekulia huko anaposikia kwamba Goma ina kiangazi kidogo Januari na Februari, anaelewa kwamba mwanzoni mwa Machi ni mabaki ya kiangazi. "Mvua yenu haijaanza vizuri," alisema. Hakuwa mjinga. Alikuwa anatumia kalenda ya mahali pengine. Huku kwetu mvua inaweza kunyesha mwezi wowote, hata Julai, na Machi ndio mwezi inapoanza kunenepa. Mwalimu alijua hilo, lakini hakutaka kumkatisha mgeni aliyesafiri mbali hivyo. Mkewe alisema miguu yake inauma, kushuka na kupanda ni kilekile. Kila mmoja alikuwa na sababu, na hakuna sababu iliyohusu wingu.

Na mimi? Mimi nilijua kwamba kikundi kikigeuka njiani, bakshishi inageuka nayo. Wabebaji wanne walikuwa wananiangalia, na nilijipa moyo kwamba nawatetea wao. Sikuwauliza. Ningewauliza, nadhani wangesema tuendelee, maana njaa ya nyumbani haihesabu sekunde za radi. Lakini hapo ndipo mkubwa wao anapotakiwa kuhesabu kwa niaba yao. Nilipima mlima kwa mgeni mwenye koti zuri kuliko wote. Nilipaswa kuupima kwa yule mwenye koti baya kuliko wote.

Mvua ya mawe ilitukuta saa kumi na robo, juu ya miti ya mwisho. Ilianza kama mtu anayemwaga maharage juu ya bati, halafu ikawa kelele moja. Mawe yalikuwa kama punje za mahindi, si makubwa, lakini ndani ya dakika chache njia ilikuwa nyeupe na kila hatua inateleza. Radi ikawa haihesabiki: mwanga na mlio pamoja. Walinzi wakatutawanya tusikae kundi moja, wakatuchuchumaza mahali palipobonyea kidogo, mbali na ukingo wa mwamba, mpaka mlio uliposogea. Ilikuwa kama dakika ishirini na tano. Wageni walikuwa na makoti ya mvua ya kukodi. Mimi nilikuwa nalo la zamani. Wabebaji wawili walikuwa wamejifunga shitingi, lile turubai la plastiki ambalo Goma nzima inalijua tangu enzi za kambi za wakimbizi.

Kadogo pia alikuwa na shitingi. Nilimwona wakati mwanga ulipopiga. Alikuwa amechuchumaa kando ya gunia, na shitingi yake, kipande kizuri kisicho na tundu, alikuwa amelifunika gunia la makala, ameikunja chini pande zote nne na kuikalia kwa kisigino isipeperuke. Yeye mwenyewe alikuwa na fulana ya pamba na sweta, vyote vimeshikana na mwili, na boti za mpira zimejaa maji.

Joto linapungua kwa wastani wa nyuzi 0.6 hivi kila unapopanda mita 100. Kutoka Goma mpaka ukingoni ni mita karibu 2,000 za kupanda, yaani nyuzi kumi na mbili zimeondoka kabla hujaongeza upepo, mawe ya barafu na nguo mbichi. Siku ambayo mjini watu wanalalamika joto, juu kule mtu aliyelowa anaweza kufa kwa baridi. Hili si jambo la kutisha watoto. Mwaka 1908 msafara wa Mjerumani Egon Kirschstein ulikutwa na dhoruba ya barafu Karisimbi, na wapagazi 20 wakafia huko kwa baridi. Kirschstein alirudi. Umbali wa kati ya Karisimbi na pale tulipokuwa tumechuchumaa unaonekana kwa macho.

Tulipoanza kutembea tena Kadogo alikuwa anatetemeka mpaka meno yanagongana. Hilo halikunitia wasiwasi. Mwili unaotetemeka unapigana. Nusu saa baadaye alianza kujikwaa penye njia nyoofu. Nikamwuliza gunia lina uzito gani sasa, akanijibu kitu kisichohusu, maneno yakiburuzana kama ya mlevi. Halafu akaacha kutetemeka.

"Sisikii tena baridi, yaya. Niko tu na usingizi."

Sijawahi kusikia habari mbaya ikisemwa kwa sauti tulivu namna ile. Mlinzi wa nyuma alimvua gunia, akalibeba mwenyewe. Wabebaji wawili wakamshika mabega. Tulifika vibandani saa kumi na moja na nusu, giza likikaribia, na ukingoni upepo ulikuwa umeurudisha moshi wa kreta juu yetu, unakwaruza koo.

Tulimvua nguo zote mbichi, tukamkausha, tukamwingiza ndani ya mfuko wa kulalia wa Shemeji, na Shemeji mwenyewe, lazima niseme, ndiye aliyeutoa bila kuombwa. Mbebaji mmoja akavua shati akaingia naye ndani, kifua kwa mgongo. Tulivyoona anaweza kushika kikombe na kumeza bila kukohoa, tukampa chai ya moto yenye sukari nyingi. Mwalimu alitaka kumsugua miguu; mlinzi akamzuia, kwa sababu mtu aliyepoa hivyo damu ya baridi iliyoko miguuni haifai kurudishwa moyoni kwa haraka. Kwa sababu hiyohiyo hatukumtembeza. Pombe pia tuliikataa, ingawa chupa ilikuwepo: inampa mtu hisia ya joto huku ikilitoa joto lenyewe nje.

Karibu tuongeze ajali juu ya ajali. Mke wa mwalimu, kwa huruma, alisema babula iingizwe ndani ya kibanda, mlango ufungwe, kijana apate joto. Mkaa ulikuwa umeshashika vizuri. Nikakataa, ikabaki nje, chini ya paa. Sisi watu wa Goma tunaiogopa mazuku, ile hewa ya sumu inayotoka ardhini na kutuama mabondeni, tangu utotoni. Tunajua mashimo yanayoua mbuzi bila alama, tunajua kutopita bondeni alfajiri kukiwa hakuna upepo. Halafu jioni ya baridi mtu huyohuyo anaingiza babula chumbani na kuziba dirisha kwa blanketi. Hewa ya mkaa nayo inaua, na haina harufu wala haikwaruzi koo kama moshi wa kreta.

Baada ya saa moja hivi Kadogo alianza kutetemeka tena. Nilifurahi kama mtu aliyesikia mtoto mchanga analia.

Saa tatu usiku anga ilifunguka, kama ilivyo desturi yake dhoruba ikishahamia ziwani. Ziwa la moto likaonekana chini yetu, ngozi nyeusi inayopasuka kwa mistari mekundu, inazama, inapasuka tena. Shemeji alilia kidogo, akanipiga bega: "Na wewe ulitaka turudi?" Sikuwa nimetaka turudi, mlinzi ndiye aliyetaka. Lakini nilielewa kazi ambayo moto ule ulikuwa unaifanya: unasafisha uamuzi. Tungeshuka kutoka Shaheru, wote wangelala mjini wakavu, na Shemeji angerudi Lubumbashi akisema mkubwa wa wabebaji ni mwoga, na kwa kweli angekuwa na haki ya kusikitika, kwa sababu usiku ule juu kulikuwa kuzuri sana. Ziwa lile tuliloliona lilitoweka Mei 2021, mlima ulipopasuka.

Tangu siku ile nilibadilisha mambo machache. Kikundi kikifika Kibati baada ya saa tano asubuhi nilikuwa sipandi nacho, hata anga iwe bluu namna gani. Tulikuwa tunalala chini, tunajaribu kesho yake. Shaheru nikisikia radi hata moja, tulikuwa tunashuka msituni kwanza, mazungumzo baadaye. Bakshishi tulikuwa tunapatana kabla ya kuondoka, na ililipwa kikundi kigeuke au kisigeuke. Hili la mwisho wageni walilikubali kwa urahisi kuliko nilivyodhani.

Asubuhi ya Jumapili nilimkuta Kadogo nje, amevaa suruali ya mwalimu iliyomzidi urefu, anapuliza babula kwa ajili ya chai. Mkaa ulikuwa mkavu, unalia kwa kushika moto. Nikakaa kando yake, nikamwuliza kwa nini shitingi aliipa gunia.

Hakunitazama.

"Makala ikilowa, yaya, unanikata pesa."

Nilitaka kubisha. Halafu nikakumbuka safari ya Februari, kilo kama tano zilizolowa, na mimi mbele ya wenzake nikihesabu noti na kutoa moja.

"Ongeza maji," akaniambia. "Bado bakubwa hawajaamka."